Kadi za Kengele

Tarehe tisa Aprili 1976, Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, mume wangu alifariki. Hakuumwa muda mrefu. Homa ilimpanda Jumatano, Alhamisi tukampeleka hospitali, Ijumaa tukarudi naye amefunikwa. Tulikuwa tukifanya kazi chumba kimoja, kwa hiyo mimi nilimpoteza mahali pawili, nyumbani Temeke na kazini barabara ya Pugu.

Hatukuwa na mtoto. Naliandika hili mapema kwa sababu ndilo lililowafanya ndugu zake waone kwamba hakuna kinachonishika Dar es Salaam. Sote wawili asili yetu ni Newala. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuja kwenye msiba akabaki kunisimamia eda. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye ulimi mkali na mikono isiyotulia. Tangu wiki ya kwanza alisema eda ikiisha atanirudisha Kusini, nikalime na wenzangu kijijini.

"Wifi, mie nina kazi," nilimwambia.

"Kazi gani? Kutoboa karatasi?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Hata panya anatoboa karatasi, na hajaajiriwa."

Sikumjibu. Mtu aliye kwenye eda anakuwa na nafasi kubwa ya kutojibu.

Nieleze kazi yenyewe. Shirika letu la umma lilikuwa likigawa unga, sukari, sabuni na mafuta kwa maduka ya ushirika ya mjini na ya pembezoni, Buguruni, Temeke, Kinondoni, mpaka Chanika. Kila duka lilipewa hati ya mgao. Bila hati, gari halikutoka ghalani. Hati hizo zilichapwa na kompyuta, mashine yenye ukubwa wa makabati matatu ya nguo, iliyokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mimi niliishia darasa la nane. Nilikaa mbele ya mashine ndogo yenye vitufe kama taipureta, nikitoboa matundu kwenye kadi za karatasi ngumu. Mume wangu, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa chumba, aliandika maagizo kwa penseli, kadi moja agizo moja, mie nikayageuza kuwa matundu, na kompyuta ikayasoma.

Kulikuwa na kitita kimoja cha kadi tulichokiita dereva, kwa kuwa ndicho kilichoiendesha printa. Kompyuta peke yake haikujua printa ni nini. Dereva ndiye aliyeiambia: sogeza karatasi, piga mstari, ngoja, piga mwingine. Kila asubuhi tulianza kwa kuilisha mashine kitita hicho, na dereva akakaa ndani ya kumbukumbu yake kutwa nzima. Kazi nyingine zikaja kukaa kwenye nafasi iliyobaki. Kitita kile mume wangu alikiandika chote, na mie nikakitoboa chote. Juu ya kingo za kadi, zikiwa zimepangwa trei nzima, alipiga mstari mmoja mwekundu wa mshazari, toka pembe hii mpaka pembe ile. Trei ikianguka kadi zikachanganyika, unazipanga upya mpaka mstari unyooke.

Eda iliisha katikati ya Agosti. Nilioga, nikavua nguo nyeupe, na Jumatatu iliyofuata nikaenda kazini kwa miguu kupitia Chang'ombe kama tulivyokuwa tukienda wawili.

Aliyekuwa akikaimu ukuu wa chumba alikuwa rafiki wa mume wangu, mtu wa Bukoba, Mkristo, mkazi wa Kinondoni. Alikuwa ameisomea kompyuta Nairobi, na hakuwa mtu wa kujivuna. Tuliitana shemeji. Alinipokea mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, halafu akasema bila kuzunguka, "Shemeji, dereva mgonjwa."

Akanionyesha. Kitita nilichokiacha kwenye trei moja sasa kilijaza trei mbili. Mstari mwekundu wa marehemu ulikuwa umekatikakatika kama njia iliyopitiwa na maji.

"Amekula nini?" niliuliza.

Akanieleza. Mwezi Mei printa ya zamani ilivunjika chuma cha ndani na vipuri havikupatikana. Wakapata printa nyingine kutoka shirika lililokuwa haliitumii tena. Hiyo ilitaka maagizo tofauti, naye akayaandika. Lakini badala ya kuondoa maagizo ya printa ya zamani, aliweka mbele yake kadi ya kuruka, kadi inayoiambia mashine: hizi zinazofuata ziache, nenda mbele. Kila palipokuwa na sehemu isiyotakiwa tena akaweka ruka. Tatizo ni kwamba kadi iliyorukwa bado imo kwenye kitita. Mashine inaipokea, inaipa nafasi kwenye kumbukumbu, halafu inaipita. Dereva akanenepa hivyo, kwa kubeba asivyovitumia, mpaka nafasi iliyobaki haikuitosha kazi ya mgao. Ukiilisha, taa nyekundu inawaka na mashine inasimama. Kwa hiyo tangu Juni hati za mgao zilikuwa zikiandikwa kwa mkono, na zilichelewa.

"Kwa nini hukuziondoa tu?"

Alitazama trei, hakunitazama mimi. "Ningeziondoaje, shemeji? Wewe uko ndani umekaa eda, mie huku nachomoa kadi za marehemu natupa? Wenzako wa kupiga kadi nao walikataa kuzigusa. Tukasema akitoka ataona mwenyewe."

Nilisimama pale nikiwa na mambo mawili kifuani. Nilishukuru, kwa kuwa walinistahi. Na nilikasirika, kwa kuwa heshima ile ndiyo iliyoiziba mashine.

"Mie nilikaa eda ya mume wangu," nilimwambia. "Sikukaa eda ya kadi."

Hakucheka wakati ule. Alikuja kucheka baadaye, akalirudia neno hilo mara nyingi.

Kabla ya saa nne mkuu wa idara alishuka kutoka ghorofani. Alinipa pole kama inavyotakiwa, kisha akasema alilokuja kusema. Mashine mpya au kumbukumbu ya kuongeza haiwezi kupatikana. Haziruhusiwi kuingizwa nchini, na hata zingeruhusiwa fedha za kigeni hakuna. Ramadhani inakaribia. Mgao wa Idi ndio mkubwa kuliko yote, na hati zake lazima zitoke kwa wakati. Mashine ikizichapa, chumba kitaendelea. Ikishindwa, chumba kitafungwa kiwe ghala la mafaili. Shemeji yangu atahamishiwa uhasibu.

"Na wapiga kadi?" niliuliza.

"Wapiga kadi sina pa kuwaweka, mama. Sitaki nikudanganye."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya, na nilimaanisha.

Jioni nilimweleza wifi yote. Nilijua nampa fimbo ya kunipigia, lakini sikuweza kumficha mtu aliyenichotea maji miezi minne na siku kumi. Alisikiliza huku akipepeta mchele.

"Kumbe ni mashine yenu ndiyo inayotunyima sukari," alisema. "Nimepanga foleni pale dukani tangu asubuhi, tunaambiwa hati bado. Nikadhani hati inatoka Ulaya."

"Inatoka pale ninapofanya kazi."

"Haya. Nakupa mpaka Idi. Idi mosi tukiamka na huna kazi, Idi pili tunapanda basi la Kusini. Na usije ukalia ndani ya basi, maana mie sitaki watu wanitazame."

"Nimekubali."

"Umekubali kutolia au umekubali kuondoka?"

"Yote mawili."

Jumapili ile tuligawa nguo za marehemu. Zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na wifi alikuwa amezuia zisifunguliwe mpaka nimalize eda. Walikuja ndugu wawili kutoka Mtoni na jirani mmoja. Kwao kulikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Wifi alinyanyua nguo moja moja, akaishika juu watu wote waione, akauliza, "Hii nani anaiita?" Anayeihitaji aliita, na ilimpasa aseme ataifanyia nini. Kama hakuna aliyeita, nguo ilikwenda kwenye mkeka wa pembeni. Haikutupwa wala haikutolewa siku hiyo. Ilikaa mkekani mpaka Ijumaa, kwa kuwa mtu anaweza kufika nyumbani ndipo akakumbuka kwamba anaihitaji. Ijumaa ikipita bila kuulizwa, inapelekwa msikitini kwa wasio na nguo, na hairudi tena ndani ya sanduku.

"Sanduku halifungwi nusu," wifi alisema. "Ukirudisha kimoja, utarudisha vyote."

Saa ilichukuliwa na ndugu yake. Viatu vilimtosha jirani. Kwenye mfuko wa shati moja la kazini ilitoka penseli nyekundu, imebaki nusu.

"Naiita mimi," nilisema.

"Penseli?" Wifi aliigeuzageuza. "Wenzio wanaita saa. Utaifanyia nini?"

"Sijui bado."

Kwa utaratibu wao nilipaswa kusema. Alinitazama, akanipa.

Kesho yake nikamweleza shemeji kazini. Nikamwambia hatutaogopa kadi na hatutazichomoa ovyo. Tutanyanyua sehemu moja moja ya dereva, tutauliza nani anaiita, yaani ni agizo gani lingine linaloituma mashine hapo. Kama lipo, sehemu inabaki. Kama halipo, inakwenda pembeni, na dereva aliyepungua anafanyishwa kazi za kila siku. Akifanya vizuri mpaka Ijumaa, kadi zile zisirudi.

Shemeji alifikiri. "Nairobi hawakutufundisha hivyo."

"Waliwafundisha vipi?"

"Walisema usiguse kinachofanya kazi."

"Hiki hakifanyi kazi."

"Hapo umenishika," akasema, akaenda kutafuta bati tupu la biskuti la kuwekea kadi za pembeni.

Tulifanya hivyo kila alasiri, kazi za kawaida zikiisha, mpaka jua linapokaribia kuzama nami nawahi kufuturu. Ramadhani ilikuwa imeingia. Yeye alikuwa akitoka nje kunywa chai yake asinywe mbele yangu, na mie nikamwambia anywe tu, hainipunguzii saumu. Akasema si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mama muuza chai aliyekaa nje chini ya dirisha, ambaye alikuwa akimwangalia vibaya akinywea ndani. Yeye alisoma orodha ya maagizo, mie nikazishika kadi. Mwanzoni sikuelewa zaidi ya nusu ya aliyoyasema, lakini kadi nilizijua kwa macho, kwa kuwa nilizitoboa mwenyewe, na nyingine nilikumbuka hata tulikuwa tunazungumza nini siku ile.

Sehemu ya kwanza kutoka ilikuwa ya kisomeo cha utepe wa karatasi, mashine iliyouzwa zamani, mwaka wangu wa kwanza kazini. Dereva alikuwa bado anaiuliza kila asubuhi kama ipo. "Nani anaiita?" Hakuna. Ikaenda kwenye bati. Zikafuata za kupanga herufi za printa ya zamani, kitita kinene kama tofali. Hakuna. Zikafuata ruka zenyewe, maana palipokuwa hapana tena cha kuruka, ruka ya nini? Shemeji alizichomoa hizo mwenyewe, moja baada ya nyingine. "Hizi zangu," alisema, "niacheni nizizike mwenyewe." Mwenzangu mmoja wa kupiga kadi akamwuliza kama atataka sanda. Tangu Aprili hatukuwa tumecheka katika chumba kile, na nilishangaa kuona kwamba inawezekana.

Si kila tulichotoa kilistahili kutoka. Kulikuwa na kadi chache zilizoifanya mashine ihesabu tu, moja mpaka nyingi, bila kufanya lolote, kabla ya kutuma mstari mwingine. Zilikuwa kama mtu anayegonga vidole mezani. Tukasema marehemu aliziweka kwa sababu printa ya zamani ilikuwa nzito, na hii mpya ni nyepesi. Tukazitoa. Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Baada ya adhuhuri mistari ya orodha ya mauzo ikaanza kupandana, jina la duka juu ya sukari, sukari juu ya sabuni, karatasi ikawa nyeusi. Shemeji alizima, akaangalia printa, akaangalia taa ya dari. Taa ilikuwa imefifia. Kila siku mchana, viwanda vya jirani vikivuta umeme kwa pamoja, nguvu ilishuka, na printa yoyote, nzito au nyepesi, ilichelewa kidogo. Kule kuhesabu kulikuwa kunaisubiri.

"Ijumaa haijafika," nilisema, nikafungua bati, nikazirudisha. Hatukupoteza kitu ila karatasi.

Nyumbani wifi alikuwa ameanza kufunga mizigo. Hakufanya kwa kunikomoa. Kila nilipomkuta anafunga aliniuliza habari za dereva kama anayeuliza mgonjwa.

"Kapungua?"

"Kapungua. Bado kidogo."

"Mpunguzeni haraka. Mie mwenyewe nimefunga saumu sijapungua hivyo."

Wiki moja kabla ya Idi, mchana, tulimlisha dereva mpya. Alikuwa amerudi kwenye trei moja na nafasi ilibaki mbele. Kisha tukalisha kazi ya mgao wa Idi yenye maduka yote. Kadi ziliingia zikaisha. Taa nyekundu ikawaka.

Shemeji alipiga hesabu. Tulikosa nafasi ndogo sana, kiasi cha kadi za kujaza kiganja. Tukaisoma orodha tangu mwanzo, nani anaiita, nani anaiita, na kila sehemu ilikuwa na mwenyewe. Mkuu wa idara alipita mlangoni, akaona taa, akaenda zake. Shemeji akaanza kusema tuiguse kazi yenyewe ya mgao, tuondoe safu ya sabuni, sabuni iandikwe kwa mkono.

"Soma tena," nilimwambia.

Akasoma tena. Safari hii sikuangalia kadi, nilimwangalia yeye. Alipofika mahali fulani katikati, akakohoa, akageuza ukurasa.

"Umeruka," nilisema.

"Nimeruka nini?"

"Hapo. Kila ukifika hapo unakohoa. Mtu hakohoi mahali pamoja wiki tatu."

Aliurudisha ukurasa. Mie nilikuwa nimeshajua ni zipi. Nilijua tangu siku ya kwanza, na nilikuwa nikiziangalia zinapita. Printa ya zamani ilikuwa na kengele ndogo ya shaba, na mume wangu aliandika kadi za kuifanya ilie karatasi inapokwisha, ili aweze kwenda nje kunywa chai. Alikaa kwenye benchi la mama muuza chai, chini ya dirisha letu. Kengele ikilia, aliweka kikombe chini hata kama amekipeleka mdomoni, akaja. Mara nyingine alikawia, nami nikagonga kioo cha dirisha kwa pete yangu. Printa mpya haikuwa na kengele kabisa. Tangu Mei, kila karatasi ilipokwisha, dereva alituma agizo la kupiga kengele isiyokuwapo.

"Hizo ziache," shemeji alisema. "Nitatafuta kwingine."

"Kwingine kupo?"

"Nitatafuta."

"Shemeji, niambie kweli. Kupo?"

"Hakuna."

Nilizichomoa. Zilikuwa chache, na kingo zake zilikuwa na kipande cha mstari mwekundu wa mkono wake. Nilizishika juu, kama wifi alivyoshika nguo, kwa sababu nilitaka lifanyike kwa utaratibu na si kwa machozi.

"Hizi nani anaziita?"

Alitazama orodha. Nikauliza tena.

"Agizo la karatasi kwisha linaziita," alisema polepole.

"Likiita linapata nini?"

"Halipati kitu. Hakuna kengele."

"Basi lifundishwe lisiite. Lisimamishe tu printa. Nitalitoboa mwenyewe, niandikie."

Akaandika, nikatoboa, kadi moja mahali pa zile zote. Zile nikaziweka kwenye bati. Wenzangu wa kupiga kadi walikuwa wameacha kufanya kazi. Nikapanga trei, nikatoa ile penseli kwenye mkoba, nikapiga mstari mpya wa mshazari, pembe hii mpaka pembe ile. Haukunyooka kama wake. Tukalisha dereva, tukalisha mgao.

Taa haikuwaka. Printa ilikaa kimya muda wa mtu kumeza mate, halafu ikaanza.

Hati zilitoka mchana ule wote, Temeke, Kinondoni, Buguruni, na ya mwisho ilikuwa ya duka la Chanika. Umeme ulipofifia mistari haikupandana. Mkuu wa idara alikuja akasimama nyuma yetu, akachukua hati moja, akaisoma yote mpaka chini kama mtu anayetafuta kosa, akairudisha mahali pake. "Endeleeni na kazi," alisema. Nilimwuliza kama anamaanisha leo au anamaanisha chumba. Akasema chumba.

Wifi nilimkuta anakuna nazi ya futari. Nilimwambia tumechapa, kazi ipo. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu.

"Kwa hiyo basi napanda peke yangu."

"Ndiyo, wifi."

"Na nani atanishikia kapu?"

"Nitakusindikiza mpaka kituoni, nitakupandishia mwenyewe."

"Unaona unavyofurahi kunifukuza," akasema, akajifuta uso kwa upande wa khanga. Usiku ule aliniwekea sukari nyingi kwenye uji kuliko tuliyoweza kuimudu.

Ijumaa tulimwaga bati. Watu wakisikia habari hizi hudhani nilizihifadhi kadi za kengele, wengine huniomba niwaonyeshe. Sikuzihifadhi. Hakuna aliyeziuliza, na sikutaka kuanza kurudisha kimoja sandukuni. Zilitoka pamoja na nyingine zote. Mama muuza chai alizichukua za kuwashia jiko, maana karatasi ngumu inashika moto haraka hata mkaa ukiwa na unyevu.

Idi iliangukia Jumamosi. Idi pili nilimpeleka wifi kwenye basi la Kusini, nikampandishia kapu na lile sanduku la bati ambalo sasa lilikuwa lake. Alikaa dirishani.

"Usikonde," alisema. "Wasije wakasema mashine inakula watu."

"Sitakonda. Wasalimie wote."

"Nitawaambia unatoboa karatasi. Wakicheka, nami nitacheka." Basi liliondoka na hakugeuka, na mimi sikulia, kwa kuwa tulikubaliana.

Jumatatu nilirudi kazini. Funga ilikuwa imekwisha, na saa nne nilitoka nje, kwa mara ya kwanza, nikakaa kwenye lile benchi chini ya dirisha. Mama muuza chai alinimiminia bila kuniuliza. Printa ilikuwa inachapa hati za wiki, tunaisikia kupitia kioo. Nilikuwa sijafika nusu ya kikombe nikatambua kwamba kelele imekata. Nilingoja. Kisha nikainuka, nikachungulia dirishani. Printa ilikuwa imesimama, karatasi imekwisha. Niliweka kikombe chini, nikaingia ndani, nikafungua boksi jipya, nikaweka karatasi.